Msaada: hema la kuhimili mvua na upepo wa Naivasha

mwana_njiro
Habari zenu wakuu. Machi tunavuka Namanga watu wanne kwenda Naivasha kuangalia Safari Rally, tutalala kambini siku tatu. Safari iliyopita nilinunua hema la bei rahisi, muuzaji akaniapia halipitishi maji. Mvua ilianza saa nane usiku. Kitambaa kilivumilia, lakini maji yaliingia kwenye mshono wa sakafu, pale pembeni, tone kwa tone, hadi godoro la mdogo wangu likalowa lote. Saa kumi fito moja ikapasuka kwa upepo, tukamalizia usiku ndani ya gari. Sasa nina laki nne. Niangalie nini nisiuziwe tena mbuzi kwenye gunia?

kipepeo_moshi
Pole sana mkuu. Dukani achana na picha ya kwenye mfuko. Ligeuze hema ndani nje, papasa mishono kwa kidole: iliyozibwa ina utepe laini juu yake. Ukikuta matundu ya sindano matupu, rudisha. Halafu soma milimita. 3,000 maana yake kitambaa kinahimili maji yenye kimo cha mita 3 kabla hayajapenya. Sakafu izidi hapo, kwa sababu ukipiga magoti unaikandamiza kwenye maji, tena ipande ukutani kama beseni ili mshono usikae kwenye tope.

mama_nakuru
Karibuni sana huku kwetu. Hadi 2023 rally ilikuwa Juni. Tangu 2024 imehamia Machi, masika yakiwa mlangoni, kwa hiyo mvua ihesabuni. Udongo wa Naivasha ni majivu ya volkano, kigingi kifupi kinachomoka kama kijiti kwenye unga. Bebeni vya sentimita 30, pamoja na mifuko ya sandarusi: unajaza udongo, unafunga kamba, unaifukia. Fito chukua za alumini, zikizidiwa hupinda badala ya kupasuka. Na tafadhali ndugu yangu, msipige hema ukingoni mwa ziwa. Viboko hutoka usiku kula majani, na njia yao hawampishi mtu.

fundi_turubai
Naongezea. Kifuniko cha nje kishuke karibu na ardhi na kisigusane na hema la ndani. Pumzi za watu wanne hugeuka maji kwenye kitambaa, mnaamka mmelowa mkadhani limevuja. Linaloandikwa la watu wanne linatosha watatu na mizigo, tafuta la sita. Mkirudi lianikeni likauke kabisa kabla ya kulikunja, ukungu unaua hema kuliko mvua. La zamani usilitupe, mishono inazibika kwa gundi yake maalumu.

mwana_njiro
Asanteni sana. Nimelitoa stoo na kupapasa kama mlivyosema: matundu matupu, mzunguko mzima. Jumamosi naenda dukani na tochi. @fundi_turubai, hiyo gundi inapakwa ndani au nje?

fundi_turubai
Soma kopo lake kwanza, zinatofautiana. Nyingi ni ndani, na uache ikauke usiku kucha.