Naomba ushauri: modeli yangu ya sauti baharini haikubaliani na vipimo

Mwenye uzi: Wanajukwaa, nawasalimu. Tasnifu yangu inahusu usafiri wa sauti chini ya maji. Natumia BELLHOP, programu inayofuatilia miale ya sauti, lakini kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo matokeo yanavyoachana na vipimo, ingawa joto na chumvi nimeviingiza kwa uangalifu. Nimeambatisha jedwali la kasi ya sauti.

Mkongwe: Ndugu, anza na joto. Sauti majini huenda takribani mita 1,500 kwa sekunde, na miale hupinda kuelekea tabaka lenye kasi ndogo. Kazini kwetu, jua la mchana lilikuwa likipasha maji ya juu, sauti ikawa na kasi zaidi huko, miale ikainama kwenda chini, na kipokezi kilichokuwa karibu na uso wa maji kikawa hakisikii kitu.

Mawimbi: Joto lingoje. Masafa ni hezi ngapi, na kina ni mita ngapi?

Mwenye uzi: Sikuona kama hayo yana uzito. Ni hezi 50, na kina ni mita 60. Hata hivyo sura kadhaa nimekwisha kuziandika kwa msingi wa miale, na michoro yake inaeleweka vizuri.

Mawimbi: Uzito wote uko hapo. Kwa hezi 50 urefu wa wimbi ni mita 30, yaani kina chako chote ni mawimbi mawili tu, ilhali nadharia ya miale hutaka wimbi liwe fupi sana kuliko kina. Tumia programu ya KRAKEN, inayokokotoa modi, yaani maumbo ya mawimbi yanayojipanga kati ya uso na sakafu, au RAM, inayotatua mlinganyo wa parabola, ambao ni makadirio ya mlinganyo wa mawimbi, na kumudu mazingira yanayobadilika njiani.

Msomi: Mtafiti anayeomba msaada ana wajibu wa kutaja masharti yote ya kazi yake tangu mwanzo.

Mdadisi: Katika jedwali lako kasi ndogo kabisa iko kwenye kina cha mita 1,300, kama katika mkunjo wa Munk, mfano wa kasi ya sauti katika bahari ya kina kirefu unaotumika kufundishia. Bahari ya mita 60 imeupataje? Nashuku kisa hiki kimetungwa.

Mwenye uzi: Hakikutungwa. Jedwali hilo ni la kuhakikia programu, kwa kuwa vipimo halisi sina ruhusa ya kuvitoa. Miale nitaibakiza kwa ulinganisho.

Mdadisi: Basi tueleze sakafu ni ya mashapo gani.

Mwenye uzi: Hayakupimwa. Nilichukulia kuwa ni mchanga.

Mawimbi: Tope hunyonya na kurudisha sauti tofauti kabisa na mchanga, na katika kina kifupi hilo huamua mengi. Endesha RAM kwa mchanga, kisha kwa tope, uone vipimo vinaegemea wapi kabla hujaandika sura nyingine.