Kuhamia Pangani mwezi wa sita: nyumba, maji, samaki. Nijipange vipi?

mgeni_wa_bara
Wakuu, habari za muda huu. Nahamia Pangani kikazi kutoka Dodoma, mkataba wa miaka miwili. Nimeoneshwa nyumba mbili. Moja ni ya zamani, ya mawe na chokaa, mita kama 200 kutoka baharini, ina kisima uani. Nyingine ni ya tofali, iko juu kidogo njia ya Tanga, maji ya bomba. Kodi karibu sawa. Sifa za ufukwe nimesoma za kutosha. Nataka yale ambayo dalali hayasemi. Nini kinaharibika haraka, maji yakoje, na samaki wananunuliwaje bila kupigwa bei ya mgeni?

fundi_chokaa
Mkuu, kwenye nyumba ya mawe usiangalie rangi, angalia mita moja ya chini ya ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje taratibu, ukuta unapumua. Mwenye nyumba akiona plasta inamong'onyoka anaita fundi apige saruji juu yake, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Saruji inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda hadi usawa wa kifua, chumvi inachomoza kama unga mweupe, halafu saruji inabanduka vipande vipande pamoja na chokaa iliyokuwa nzima. Gonga kwa ngumi usawa wa goti. Ukuta ukilia wazi kama debe tupu, saruji imeshaachia. Ukikuta chokaa tupu yenye madoa, hiyo mimi naichukua kabla ya ile iliyopakwa rangi jana.

Nyumba ya tofali nayo muulize mwenyewe mchanga ulitoka wapi. Mchanga wa pwani una chumvi, na hata wa mtoni si salama ukichotwa karibu na mdomo, maana maji yakijaa bahari inapanda mtoni. Chumvi inakula nondo, nondo yenye kutu inavimba, zege linapasuka. Simama barazani utazame linta na nguzo: ufa mnyoofu unaofuata nondo, wenye doa la rangi ya chai, hauzibwi kwa rangi wala kwa saruji ya juu juu.

Bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikipanda bati linakonda. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na kwenye ncha zilizokatwa, kwa hiyo kagua huko, usitazame katikati.

Vitu vidogo: kufuli la shaba, bawaba za shaba ukizipata, grisi kidogo kwenye kitasa kila mwezi. Friji usiiweke dirisha linalotazama bahari. Zile bomba za mgongoni zifute kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukiwa umeichomoa kwenye umeme kwanza.

kisimani
Fundi kasema kweli, ila kwenye maji ndiko watu wa bara wanakotapeliwa bila mtu kusema uongo. Unakuja mwezi wa sita, masika imetoka kuisha. Kisima chochote cha Pangani ukikionja wakati huo kitakuwa na afadhali. Maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Mvua ikikoma tabaka la juu linakonda, na Februari sabuni haitoi povu. Waulize majirani habari za Februari.

Usifunge pampu kubwa. Ukivuta kwa kasi, chumvi inapanda kutoka chini, na kuirudisha ni kazi. Chota ndoo chache asubuhi, kiache kipumzike, rudia jioni. Ya kunywa chemsha, kwani vyoo vya shimo mjini viko karibu na visima.

Kinga mvua vilevile. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 ni lita 500, toa zinazopotea. Mvua ya kwanza imwage, inaosha chumvi na kinyesi cha kunguru. Simtanki la lita 5,000, watu wawili wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, ni miezi miwili.

mchuuzi_wa_diko
Samaki wanafuata mwezi, kalenda ya ukutani haikusaidii. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kutoka kuliko siku nyingine: bahari inajaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukauka mnamo saa nne. Kila siku inachelewa kama dakika 50. Bamvua maji yakitoka, kina mama wanaingia mwambani, hapo pweza ni wengi na bei inashuka. Dagaa ni kinyume, wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mashua zinalala.

Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuma, vyombo vidogo havitoki kila siku. Usihukumu bei za Pangani kwa miezi hiyo.

Mnadani wanauza fungu au tenga. Usipandishe bei, mwache mchuuzi anunue, umwombe akugawie kilo mbili, umwongeze kidogo. Fungua shavu: matamvua mekundu yanayong'aa, ndiyo, ya kahawia, acha. Jodari na vibua waliokaa juani bila barafu usiwaguse hata kama jicho bado zuri. Wanaleta mwasho na uso kuwaka, na kupika hakuiondoi hiyo sumu.

mgeni_wa_bara
Shukrani sana. Nimesahau: siku tatu kwa wiki kazi iko ng'ambo ya mto, Bweni. Naenda na pikipiki.

mchuuzi_wa_diko
Basi usipange miadi kwa kivuko cha mwisho. Kikiwa matengenezoni watu wanavuka kwa mashua, pikipiki inabaki, kwa hiyo tafuta bodaboda wa kudumu upande wa Bweni. Kila jioni pikipiki imwagie ndoo moja ya maji baridi, anza na spoki na chini ya injini. Mnyororo utie oili ukishakauka, kabla ya hapo unafungia chumvi ndani.

fundi_chokaa
Na maji hayo yasiwe ya kisimani Februari.