Mkopo wa wavuvi wa dagaa Kigoma: ratiba iweje ili benki ipate faida na mvuvi asiumie?

MwaloKibirizi:
Habari wadau. Tawi letu hapa Kigoma linaandaa mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa wenye vyombo vya dagaa, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Makao makuu wanataka mikopo chechefu (iliyokwama bila kulipwa) isizidi 5%, kiwango cha Benki Kuu, na papo hapo wanataka tuonekane tunajali jamii. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei hadi 15 Agosti, na likifungwa hivyo tena, mkopo wa miezi 12 lazima ukutane na kipindi hicho. Tupandishe riba kufidia hatari, au tubaki na watumishi wa mishahara tu?

Hesabu_Ujiji:
Mkuu, riba siyo dawa hapo. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ni siku 92. Rejesho likichelewa kupita siku 90 mkopo unahesabiwa chechefu, kwa hiyo mvuvi mwaminifu kabisa aliyekosa rejesho la siku ziwa linapofungwa anaharibika kwenye vitabu vyenu kabla ziwa halijafunguliwa.

Toeni fedha 16 Agosti, rejesho la kwanza 16 Septemba, la nane na la mwisho 16 Aprili. Kwa 1.5% kwa mwezi juu ya salio linalopungua (yaani deni lililobaki tu), rejesho ni kama 801,500 na riba yote kama 412,000. Mkitoza 18% kwa mwaka juu ya mkopo mzima kwa miezi 12, riba ni 1,080,000, wakati hiyo hiyo 18% kwa salio linalopungua ni kama 601,000. Mteja aoneshwe hesabu zote mbili kabla ya kusaini. Wengi husikia asilimia tu, na huko ndiko dhuluma inakoanzia.

Anayenunua injini atahitaji muda mrefu zaidi. Huyo, ziwa likifungwa, alipe riba peke yake: salio la 3,000,000 ni 45,000 kwa mwezi. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Kuupanga upya mkopo ambao tayari umechelewa ni kazi nyingine.

Karabai:
Naongeza tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali vyombo vinalala. Rejesho la tarehe 30, kwa mazoea ya mishahara, mara nyingine litamkuta mvuvi hana kitu. Likae mwisho wa giza, kabla mwezi haujajaa. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, hivyo chapeni tarehe zote kwenye mkataba na riba ihesabiwe kwa siku.

Mama_Chanja:
Msiwasahau kina mama wanaokausha. Wao wanataka mtaji mdogo ziwa likifunguliwa, wanunue mzigo na waweke chanja, yaani vichanja vya kuanikia juu. Dagaa wa kuanikwa chini hushika mchanga na bei inaanguka. Mkiwaomba hati ya nyumba mmewafungia mlango. Dhamana ya kikundi cha watu watano inatosha, ila wasitoke kaya moja, maana msiba mmoja utawakwamisha wote.

MwaloKibirizi:
Asanteni. Mvuvi akikopa Januari je?

Hesabu_Ujiji:
Mpe kiasi anachoweza kumaliza kwa marejesho matatu, Februari hadi Aprili. Kinachobaki asubiri Agosti.