Wasomaji wa katuni yangu wamenigeuka. Nibadilishe hadithi au nikaze?

KalamuButu: Wakuu, heshima kwenu. Ninachora katuni ya mtandaoni, ukurasa mmoja kila Ijumaa, mwaka wa tatu huu. Ni hadithi ya Tunu na kaka yake Shabo wakimtafuta baba yao aliyepotelea baharini. Ilianza na vichekesho vingi. Sura ya 9 Tunu akamgeuka kaka yake, akauza ramani. Sikukurupuka, jambo hilo limo kwenye daftari langu tangu siku ya kwanza.

Basi imekuwa moto. "Umemharibu Tunu." "Hii siyo katuni niliyoanza nayo." Mmoja aliyekuwa ananitia moyo tangu ukurasa wa kwanza kaandika: "Naona umechoka, sema tu." Hiyo iliniuma. Saa nane usiku nikamjibu aya tano kwamba hajaelewa kitu, na kwa hasira nikamwaga hata yatakayotokea mbele. Asubuhi nikafuta, lakini watu walishapiga skrinishoti.

Nina akiba ya kurasa 11 zilizokamilika. Nizitupe nimrudishe Tunu yule wa zamani? Nitoe maelezo? Ninyamaze? Naombeni ushauri.

Mzee_wa_Wino: Pole mkuu. Usukani usiwape. Mwaka 1988 DC Comics, wachapishaji wa katuni za Batman, waliwawekea wasomaji namba mbili za simu wapige kura: Robin (kijana msaidizi wa Batman) wa wakati huo, Jason Todd, afe au apone. Afe, kura 5,343. Apone, 5,271. Kijana akazikwa kwa tofauti ya kura 72. Sasa hao "wasomaji" unaotaka kuwaridhisha ni wa upande upi?

Bi_Mstari: Mbona mwandishi Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, mwaka 1893 na mwaka 1903 akamrudisha akiwa mzima? Kubadili mawazo si aibu.

Mzee_wa_Wino: Miaka kumi, dada. Huyu ana Ijumaa kumi na moja.

MsomajiTu: Mimi kuchora sijui, hata duara linanishinda. Ila nimeisoma yote leo kwa mkupuo. Tunu anauza ramani, fremu ya mwisho tunaona mgongo wake, kwisha. Toka hapo nimehesabu kurasa 14 hayupo. Kwangu zilikuwa dakika tano. Anayesubiri Ijumaa amekaa na mgongo ule zaidi ya miezi mitatu. Sababu ya kuuza ramani inakuja lini?

KalamuButu: Duh. Ipo kwenye akiba. Ukurasa wa 9.

MsomajiTu: 14 na 9 ni 23. Miezi mitano na ushee mtu anamchukia Tunu bila kujua kwa nini, halafu unamwambia hajaelewa? Ungemuelewaje wewe?

KalamuButu: Nimekaa kimya hapa kama dakika kumi. Nilikuwa nahesabu kurasa, Ijumaa sikuwahi kuzihesabu.

Bi_Mstari: Basi hadithi iache ilivyo, uvute ukurasa huo mbele. Na yule wa "umechoka" mwombe radhi, mistari miwili tu, usijitetee. Ukiandika "samahani, lakini" umeanza upya ugomvi.

Kaza_Buti: Mnamdekeza. Katuni anatoa bure, asiyetaka asome nyingine. Achore alale.

MsomajiTu: Bure kwa pesa, sawa. Mtu aliyerudi kila Ijumaa miaka mitatu kuna kitu ametoa.

KalamuButu: Nimeandika hivi: "Samahani kwa majibu yangu ya usiku ule. Umenisoma tangu mwanzo na sikupaswa kukujibu vile. Sijachoka, Tunu anarudi Ijumaa." Inatosha?

Bi_Mstari: Inatosha. Usiongeze neno.

KalamuButu: Nimeshatuma. Tatizo jipya: ukurasa wa 9 nikiuleta mwanzo, Shabo ana bandeji mkononi, na anaumia kwenye ukurasa wa 4. Fremu sita zote bandeji inaonekana, moja ameishika kabisa.

Mzee_wa_Wino: Tano futa bandeji. Hiyo aliyoishika mchoree kikombe.