Naomba ushauri: semina ya lazima ya ujumuishi, nitapingaje bila kuonekana mbaguzi?

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, ni mtumishi wa halmashauri. Tumeletewa barua ya semina ya jinsia na ujumuishi, yaani kutomtenga mtu yeyote kazini, na kuhudhuria ni lazima. Mimi naamini serikali ikiniajiri inanunua kazi yangu, si fikra zangu. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni. Mtumishi akimnyanyasa mwenzake aadhibiwe kwa alichotenda. Sheria ya ajira ya 2004 tayari inakataza ubaguzi kazini. Na hizo posho za semina ni kodi ya mkulima wa viazi kule Uporoto.

Tazameni Marekani: Septemba 2020 Trump alizuia baadhi ya mafunzo haya serikalini, Januari 2021 Biden akaifuta amri hiyo, Januari 2025 Trump akarudi akafuta programu zenyewe. Mtumishi anafundishwa anachotaka aliyeshinda uchaguzi. Hilo linanitisha kweli.

Kinachonikwamisha ni dada mmoja wa masjala anayetumia kiti cha magurudumu. Aliniambia, "Kaka, ikiwa hiari, wanaonidharau ndio hawatakuja." Sikuwa na jibu, na namheshimu sana.

Nataka kumwandikia mkuu wa idara nipendekeze semina iwe ya hiari na fedha zijenge njia ya viti vya magurudumu mlangoni, maana hadi leo dada huyo anabebwa ngazini. Mliowahi kutoa maoni kama haya kwa maandishi, mlipitia chama cha wafanyakazi au mlikwenda moja kwa moja? Na yeye nimshirikishe kabla sijaandika?