Gumzo la ukoo: barua ya Shangazi

Shangazi: Shikamooni wakubwa. Nimeletewa barua leo, nimeteuliwa kamati ya maji ya kata. Sikuomba. Mimi na vitunguu vyangu nitasema nini mbele za watu?

Dada Dodoma: Hongera sana Shangazi!! 🎉

Baba Mdogo: Hongera dada. Ila jiandae, kuteuliwa si kupigiwa kura. Watasema umepachikwa.

Babu: Bryceson mnamjua?

Kaka Arusha: Shikamoo Babu. Derek Bryceson, mume wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe?

Babu: Marahaba. Kuoana kwao ni 1975, mbali sana huko. Mimi namsema mkulima. Alikuwa rubani wa kivita wa Uingereza, ndege ikaanguka, mgongo ukaumia, akabaki mtu wa mkongojo. Na mkongojo wake akaja kulima Kenya 1947, halafu 1952 akahamia huku Tanganyika. 1957 gavana akamteua waziri msaidizi.

Baba Mdogo: Si ndiyo hayo nayosema mzee, kateuliwa na gavana

Babu: Ngoja nimalize. 1958 ikaja kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU nusura isuse, Mwalimu akawabembeleza kule Tabora. Huku Jimbo la Kaskazini TANU ikamuunga mkono Bryceson, na Sophia Mustafa kwa upande wa Waasia. Wakapita.

Dada Dodoma: Sophia nimemsoma 👏🏾

Babu: Sasa 1965. Mimi kibarua Dar. Kila jimbo wagombea wawili, wote TANU, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Kutaja rangi au kabila kwenye kampeni marufuku. Viti vya Wazungu vilishakufa, Bryceson anashindana na Mwafrika, mjini, kwa kura zetu sisi. Kwenye foleni nyuma yangu mama mmoja hakujua kusoma, ameshika kadi yake ndani ya pindo la kanga. Akaninong'oneza, "Mwanangu, yule wa mkongojo ana picha gani?"

Babu: Alishinda kwa kura nyingi mno. Mwaka huohuo Paul Bomani, waziri wa fedha, aliyewajenga wakulima wa pamba kwenye ushirika, akaanguka. Watu walikuwa wanapima.

Kaka Arusha: Na Bryceson ndiye aliyekuja kuongoza Hifadhi za Taifa, miaka ya 70.

Babu: Ndiye. Saratani ikamchukua 1980. Mwanangu, barua imekupa kiti tu. Yule mama wa kanga utamtafuta mwenyewe.

Baba Mdogo: Nimekuelewa mzee. Dada nisamehe, nilikuvunja moyo.

Shangazi: Hujanivunja. Mfongo wa juu, ule mfereji wa maji, umebomoka tangu masika, watu wa chini hawapati hata ndoo ya kunyweshea ng'ombe. Nitaanza na hilo. Kikao Jumamosi saa tatu. Nani atanimwagilia vitunguu?

Kaka Arusha: Nakuja Ijumaa jioni. Niachie jembe na ufunguo kwa jirani.

Shangazi: Ubarikiwe mwanangu 🙏🏾