Naomba ushauri: nawahojije vijana wa Kipalestina bila kuwatonesha kidonda?

Habari zenu wakuu. Nasoma uzamili Amman, Jordan. Utafiti wangu ni kumbukumbu za ukimbizi kwa vijana wa Kipalestina. Wengi niliozungumza nao kambi ya Baqa'a, iliyoanzishwa 1968, hawajawahi kuiona Palestina. Lakini nikigusia Gaza, jibu linaanzia 1948, Wapalestina wengi walipofukuzwa makwao Israel ilipoundwa: "Tulipofukuzwa mji wa Lydda..." Tulipofukuzwa! Msemaji ana miaka ishirini na kitu, aliyefukuzwa ni bibi yake. Amri ya Israel ya Oktoba 2023 ya kuhama kaskazini mwa Gaza, iliyogusa watu zaidi ya milioni moja, kwao ni Nakba ("janga", wanavyoita kufukuzwa kwa 1948) ileile inayoendelea. Na kwa kuwa wakazi wengi wa Gaza ni wakimbizi wa 1948 na vizazi vyao, siwezi kuwabishia.

Msimamizi wangu anataka nitenganishe waliyosimuliwa na yaliyowapata wenyewe. Mimi naona nikikata hapo nitapoteza utafiti wenyewe.

Kuna wenye ndugu Gaza. Simu ikiita tu wanashtuka. Mliowahi kuhoji wakimbizi, labda Kigoma au Kakuma, mlifanyaje? Niahirishe, au niwaache waanzie wanapotaka? Na kuhusu kurekodi sauti, mnashaurije?